Vidonge vya Madini na Mbio Ndefu

Leo nasema na wakimbiaji wa mbio ndefu wa Rutamba na kote Lindi, pamoja na walimu wa michezo wanaowanoa vijana kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Mwaka 2025 kule Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Tofauti ndogo namna hiyo humfanya mkimbiaji atamani chochote cha kumwongezea hatua moja, na wauza vidonge vya madini wanalijua hilo.

Je, vinasaidia? Watafiti wa Cape Town walichapisha jibu mwaka 1988. Waliwafuatilia wanariadha 30 wazoefu kwa miezi tisa. Kwa miezi mitatu kila mmoja alimeza vitamini na madini, na kwa mingine mitatu vidonge visivyo na kitu. Kasi haikuongezeka. Walikuwa wanakula vizuri, na mwili ulioshiba madini hauna kazi na ya ziada.

Madini ya chuma yana habari yake. Ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba hewa ya oksijeni hadi kwenye misuli. Yakipungua, mkimbiaji huishiwa pumzi kwenye kilima alichokipanda kwa urahisi mwezi uliopita. Mazoezi hayajapungua, usingizi anapata, ila miguu mizito. Mabinti wako hatarini zaidi kwa sababu ya hedhi, na huku kwetu malaria na minyoo ya safura huzidisha. Kwa mtu wa namna hii kidonge cha chuma ni tiba ya kweli, na nguvu hurudi.

Kwa hiyo, mwalimu, ukimwona binti amerudi nyuma ghafla, usimwite mvivu. Mpeleke akapimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 za himoglobini kwa desilita ni upungufu, na mganga ndiye apange dozi. Kumeza chuma bila kupimwa ni hatari, maana kikizidi mwili hauna njia rahisi ya kukitoa, nacho huumiza ini.

Na magnesi, inayouzwa kama dawa ya misuli kubana? Gramu 100 za korosho zina karibu miligramu 290, na korosho Lindi tunazo. Ufuta una chuma, kunde nazo zina chuma. Kamulia ndimu kwenye mboga, chuma kitaingia mwilini vizuri zaidi. Chai ya rangi, ambayo wengi wetu hushushia chakula, hukizuia. Inywe baada ya saa moja au mbili.

Vidonge vya chuma ulivyoandikiwa viweke juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumuua. Ikitokea, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, usisubiri atapike.