Mtoto Mchanga Hupata Baridi Hata Mombasa
(Mazungumzo na akina mama wa kikundi cha afya, Mji wa Kale)

 

Niliposema leo tutazungumza juu ya baridi, nimesikia mmoja akicheka huko nyuma. Ni haki yake. Hapa kisiwani hata wakati wa kipupwe, mwezi wa Julai, usiku hupata nyuzi 20 au 22 hivi. Mtu wa Limuru angeita hilo joto! Lakini mwili ndani unataka nyuzi 37, na hauna mchezo.

Sisi watu wazima tukipigwa na upepo wa kusi tumelowa mvua, mwili unajua la kufanya. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayopima joto la damu. Likishuka, inaamuru mishipa ya ngozi ijibane ili damu yenye joto ibaki ndani. Ndiyo sababu vidole hupoa kwanza. Malaika husimama. Kisha tunatetemeka, na kule kutetemeka ni misuli inafanya kazi itoe joto.

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri, wala kujivutia leso. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka upesi. Akiba yake ni mafuta ya rangi ya kahawia, yaliyo katikati ya mabega, shingoni na kando ya figo, ambayo huyachoma apate joto. Lakini kuyachoma kunakula sukari na oksijeni, na aliyezaliwa kabla ya siku zake anayo kidogo sana.

Mwaka mmoja niliingia nyumba moja karibu na Ndia Kuu. Mtoto wa siku tatu, mdogo sana, ametoka kuogeshwa, amelazwa na leso mbichi chini ya pangaboi. Bibi yake akaniambia, "Huyu mtulivu mno, halii." Nikamshika mguu: baridi. Nikamshika tumbo: baridi pia. Hapo nikaogopa. Mtoto wa namna hiyo si mtulivu, ameishiwa nguvu ya kulia. Tukamvua leso ile, tukamkausha, mamake akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, leso kavu juu ya wote wawili, hivyo hivyo kwa teksi mpaka hospitali. Alipona.

Njia hiyo ilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa kuwa mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtoto wa uzito mdogo aanzishiwe mara tu anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Basi, bibi zangu, kuogesha kungoje saa 24. Mpanguseni kwa nguo kavu, hasa kichwa. Pangaboi lizimwe. Mguu ukiwa baridi na tumbo lina joto, mwekeni kifuani. Tumbo nalo likiwa baridi na hanyonyi, mwekeni kifuani na mwende hospitali usiku huo huo, msingoje asubuhi.

Sasa maswali. Yule aliyecheka aanze yeye.