Tuache Sigara

(Maneno tuliyowaambia wanachama wa tawi letu saa ya chakula)

Ndugu wanachama,

Leo hatusemi habari za mshahara wala saa za kazi, ingawa neno letu linagusa mfuko wa kila mmoja. Tunataka kusema juu ya sigara. Hatusemi kama watu wasio na kosa. Wengi wetu katika halmashauri tumevuta miaka mingi, na wengine tuliacha tukarudia mara mbili tatu kabla ya kuacha kabisa.

Kwanza, fedha. Mtu avutaye sigara 10 kwa siku huchoma 3,650 kwa mwaka. Kila mtu azidishe kwa bei ya dukani kwake, kisha akumbuke karo ya watoto. Tunakaa na mwenye kazi mpaka usiku kudai nyongeza ya shilingi chache, kisha tunazitia moto wenyewe!

Pili, afya. Tangu mwaka 1950 wataalamu Doll na Hill wa Uingereza walionyesha kwamba sigara na saratani ya mapafu huenda pamoja. Sigara huharibu moyo pia, na mvutaji hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Sisi tunaofanya kazi penye vumbi tunabeba mizigo miwili kifuani. Tena, mfanyakazi akidai fidia ya kifua, huulizwa kwanza: "Wewe wavuta sigara?" Ndugu, tusimpe mwenye kazi mlango huo wa kutokea. Vumbi ni deni lake, na chama kitaendelea kumdai.

Sasa, tufanyeje? Chagua siku, uwaambie wa nyumbani na wenzako. Isiwe siku ya mshahara. Ondoa pakiti na kibiriti mfukoni. Siku za kwanza ni ngumu: hasira huja, usingizi hupotea. Lakini baada ya majuma mawili mpaka manne taabu hiyo hupungua sana. Hamu ikikushika, ngoja. Baada ya dakika chache itapita. Kunywa maji, tafuna karanga, tembea kidogo. Jihadhari na pombe, maana ni rafiki mkubwa wa sigara. Ukishindwa peke yako, mwulize mganga. Iko chingamu yenye nikotini ya kusaidia.

Faida haichelewi. Baada ya mwaka mmoja, ile hatari ya maradhi ya moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa karibu nusu.

Na ninyi msiovuta, msimcheke anayejaribu. Ninyi mnaovuta, msimpe sigara aliyeacha, hata akiomba. Sheria ya mwaka 2007 imekataza kuvuta mahali pa kazi, ila pale palipotengwa. Basi tuitumie itusaidie. Aliyeanguka ainuliwe, ajaribu tena.

Ndugu, mgomo huu hauhitaji notisi. Tuuanze pamoja, wawili wawili, kila mtu na mwenzake.

Umoja ni nguvu.