Kifo cha Morendat: Ushahidi wa Jeraha, Bunduki na Saa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati mjini Nakuru)



Tumeombwa kuzungumza juu ya kifo cha Padre John Anthony Kaiser wa Shirika la Mill Hill. Mwili wake ulikutwa alfajiri ya tarehe 24 Agosti 2000 katika njia panda ya Morendat, kando ya barabara kuu itokayo Naivasha kuja hapa kwetu. Gari lake dogo la mizigo lilikuwa karibu, na bunduki yake ya marisau pia. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Ombi hili lilitoka kwa vijana, na halikuja kwa upole. Walituuliza hivi: ikiwa wapelelezi wa FBI walisema mwaka 2001 kwamba padre alijiua mwenyewe, kwa nini ninyi watu wa kanisa mnashikilia kwamba aliuawa? Je, si kwa sababu mlimpenda? Swali hilo ni la haki. Mapenzi si ushahidi, na wengi wetu tulilia "ameuawa" kabla daktari hajaugusa mwili. Kwa hiyo leo tutayaacha mapenzi kando kadiri tuwezavyo, tuvitazame vitu vyenyewe.

Kwanza tukumbushane kwa ufupi yeye alikuwa nani. Alizaliwa Minnesota, Marekani, akawa askari wa miavuli kabla ya kuwa padre, akaja Kenya mwaka 1964. Wengi wenu mnamkumbuka kwa habari ya Maela. Watu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 walipiga kambi huko, na mnamo Desemba 1994 walipakiwa katika malori usiku na kutupwa mbali, wengine katika uwanja wa Kirigiti kule Kiambu. Padre Kaiser alikuwa pamoja nao kambini, naye akaondolewa kwa nguvu. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa kwa majina, Rais Moi akiwa mmojawapo. Baadaye mwaka huohuo serikali ilikataa kumwongezea kibali cha kufanya kazi nchini, kisha ikarudi nyuma. Na katika majuma ya mwisho alikuwa akiwasaidia wasichana waliomlalamikia mwanasiasa mmoja mwenye nguvu.

Haya yote yanaonyesha kwamba alikuwa na maadui. Hayaonyeshi nani alifyatua risasi. Mtu mwenye maadui aweza pia kujiua, na wapelelezi wa Marekani walilitumia jambo hilo. Walisema kwamba alikuwa na historia ya ugonjwa wa akili, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa na hofu na mwenendo usio wa kawaida. Hatuwezi kukana kwamba aliwahi kutibiwa. Lakini tunauliza: mtu aliyeonywa, aliyetishwa, aliyenyimwa kibali, akiogopa, je, hofu yake ni ugonjwa au ni akili timamu? Hofu peke yake haitupi jibu. Ni lazima twende kwenye jeraha.

Jeraha lilikuwa nyuma ya sikio la kulia. Bunduki ya marisau ni ndefu, si bastola ya kushikwa kwa mkono mmoja. Hapa ndipo tulipofanya jambo ambalo wengine waliliona la kitoto. Tulichukua mpini wa jembe katika ukumbi wa parokia, tukauwekea alama mahali ambapo kifyatulio cha bunduki kama hiyo kingekuwa, tukajaribu mmoja baada ya mwingine kuuelekeza nyuma ya masikio yetu wenyewe. Tuseme kweli: wenye mikono mirefu waliweza, kwa taabu na kwa kujipinda, maadamu ncha ya mpini ilikuwa imegusa kichwa. Tulikuwa tumetarajia kwamba haitawezekana kabisa, tukaona haya kidogo. Lakini tuliposogeza ncha ile shubiri moja tu kutoka kichwani, hakuna hata mmoja aliyefikia alama.

Mchezo ule wa mpini haukuthibitisha lolote mbele ya sheria. Ulitufundisha tu mahali pa kutazama, maana hoja yote inaning'inia juu ya shubiri ile. Mdomo wa bunduki ulikuwa umegusa ngozi, au ulikuwa umeachana nayo?

Madaktari wana njia ya kulijua hilo. Risasi ikipigwa mdomo wa mtutu ukiwa umebanwa kichwani, moto, moshi na hewa ya baruti huingia ndani pamoja na risasi. Ngozi huweza kupasuka mfano wa nyota, masizi hukutwa ndani ya jeraha hata kwenye mfupa, na mara nyingine duara la mtutu huacha chapa yake. Mtutu ukiwa mbali kidogo, masizi hubaki juu ya ngozi, na chembe za baruti huitoboa ngozi vidoadoa kuzunguka tundu. Ukiwa mbali zaidi, masizi hupotea, kisha marisau yenyewe huanza kutawanyika. Katika umbali wa chini ya mita moja hivi marisau huingia bado yakiwa fungu moja, kwa hiyo tundu moja peke yake halitoshi kusema kwamba mtutu uligusa. Mwenye kuhukumu hana budi kutafuta masizi, na masizi hutafutwa kwa macho na kwa mikono juu ya mwili wenyewe.

Na hapo ndipo wataalamu walipoachana. Dakta Alex Olumbe, aliyeufanyia mwili upasuaji, aliona kwamba mtutu haukuwa umegusa kichwa. Wamarekani walimtegemea mtaalamu wao aliyelisoma jeraha katika picha, naye akasema uligusa. Sisi hatumdharau mtaalamu huyo. Wako watu wanaosoma picha kuliko sisi tusomavyo barua. Lakini picha haina upande wa pili. Haigeuzwi, haioshwi, haipapaswi. Tukilazimika kuchagua kati ya aliyeshika na aliyeonyeshwa, twachagua aliyeshika, mpaka atokee mtu wa kutueleza kosa la mkono wake.

Liko pia suala la saa. Mwili wa marehemu hupoa polepole, kwa wastani wa kama digrii moja ya Selsiasi kila saa, na haraka zaidi kwenye baridi. Ninyi mnaijua baridi ya alfajiri ya Naivasha, mahali palipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kukakamaa kwa viungo huanza baada ya saa mbili hadi nne, kukatimia katika muda wa saa kumi na mbili hivi. Kwa hiyo kipimajoto kilichotiwa mapema huweza kusema kama mtu alikufa usiku wa manane au muda mfupi kabla ya kupambazuka. Tofauti hiyo si ndogo. Padre alikuwa Ngong, nyumbani kwa askofu wake, katika siku zile za mwisho. Safari ya kutoka Ngong hadi Morendat haimalizi usiku kucha. Saa zilizobaki zina mahali zilipotumika, na zina watu waliomwona au waliokuwa naye. Kila dakika mwili unapolala kando ya barabara bila kupimwa, huku watu wakikanyaga nyasi, ushahidi wa saa unayeyuka, na hakuna hakimu awezaye kuurudisha.

Wazee mtakumbuka kwamba hatukuanza na Kaiser. Dakta Robert Ouko alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, mwili wake ukakutwa kilima cha Got Alila ukiwa umepigwa risasi kichwani na kuchomwa. Huko nako wako walionena habari ya kujiua. Mpelelezi John Troon kutoka Uingereza alichunguza akasema ni mauaji. Tume ya Gicheru ikaanza kusikiliza mashahidi, ikavunjwa na Rais Novemba 1991 kabla ya kumaliza. Kijana mmoja atasema: basi mnamwamini mgeni wa Uingereza na kumkataa wa Marekani? La. Twawauliza wote wawili swali lilelile: umeona nini, na uliona kwa njia gani?

Baada ya KANU kuondoka madarakani Desemba 2002, uchunguzi wa kifo cha Kaiser ulifunguliwa mahakamani mwaka 2003. Mnamo tarehe 1 Agosti 2007 Hakimu Maureen Odero alitoa uamuzi wake: padre aliuawa. Aliikataa nadharia ya kujiua. Lakini alisema pia kwamba kwa ushahidi uliokuwa mbele yake hakuweza kuwataja wauaji kwa uhakika. Wapo wenzetu waliosherehekea nusu ya kwanza ya uamuzi huo na kuisahau nusu ya pili. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Sasa, ndugu zetu, ombi letu. Barabara ya Nakuru na Naivasha haikuwa tupu usiku ule. Kulikuwa na madereva wa malori, walinzi wa mashamba, wachuuzi wa alfajiri, askari wa doria. Baadhi yao wamezeeka, na baadhi tumekwisha kuwazika bila kuwauliza. Yeyote kati yenu aliyepita Morendat kati ya jioni ya tarehe 23 na asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000, au mwenye mzazi aliyepita, aandike alichokiona. Aandike saa, na ajuaje kuwa ni saa hiyo: redio ilikuwa ikitangaza nini, kengele gani ililia, basi gani lilikuwa limepita. Asiandike anachodhani. Barua atie sahihi mbele ya wakili au padre wake, nakala moja abaki nayo mwenyewe. Mezani karibu na mlango kuna karatasi na kalamu kwa wale wanaotaka kuanza leo.