Sketi Mbili na Hesabu Yake

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Makole, Dodoma)



Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na sketi mbili za shule. Zipitisheni, kila mtu azishike.

Hii ya kwanza nilimnunulia binti yangu Januari mwaka jana, ikiwa imeshonwa tayari, kwa shilingi 9,000. Ilipofika Mei mshono wa ubavuni uliachia. Nikaipeleka kwa mama mmoja fundi cherehani. Akaigeuza ndani nje, akaniuliza, "Mwalimu, nishone wapi? Hakuna kitambaa." Kweli, waliotengeneza walikata mpaka ukingoni.

Ya pili aliishona mama huyo huyo. Kitambaa na ufundi, shilingi 16,000. Niliguna, nakiri. Lakini aliacha pindo la vidole vinne, na kiunoni akaacha kitambaa cha akiba. Mtoto alipokua, pindo likateremshwa. Leo sketi ina miezi 16, na bado inavaliwa.

Haya, toeni kalamu. Shilingi 9,000 gawanya kwa miezi 4. Halafu 16,000 gawanya kwa 16. Ya kwanza 2,250 kwa mwezi, ya pili 1,000. Ipi ni ya bei rahisi? Semeni nyinyi.

Na kitambaa nacho kina siri. Chomoa uzi mmoja pindoni, uuchome moto, watoto wakae mbali. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa viwandani utokanao na mafuta ya petroli huyeyuka, ukaacha kidonge kigumu. Huo ukitupwa korongoni hauozi upesi.

Mtaniuliza, na mitumba je? Shati hili nililovaa ni la mtumba, sitawaficha. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Basi mtumba tunao bado, na hata huo humpa fundi kazi: kupunguza suruali, kubadili zipu, kupindua kola iliyochakaa.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Akina mama watano wa hapa wana vyerehani, lakini hawana fedha ya kununua jora zima. Wazazi huja Januari, wote siku moja, wakikuta foleni hukimbilia za dukani. Wanaomba tulete watoto wapimwe Novemba na tutoe nusu ya malipo.

Nanyi mafundi msicheke. Ile "njoo kesho, njoo keshokutwa" yenu ndiyo inayotufukuza. Andikeni katika daftari vipimo, fedha iliyopokelewa na tarehe ya kuchukua nguo, kisha mteja atie sahihi. Kusoma mnajua sasa.

Daftari lipo hapa mezani, nimelipiga mistari mwenyewe. Jina la binti yangu ni la kwanza. Anayetaka aje, tuna nusu saa kabla ya giza.