Marufuku ya Sigara Ianzie Kijijini: Handeni na Korogwe



Mvutaji akipanda basi Dar es Salaam kuja Korogwe hukaa saa kadhaa bila kuwasha sigara. Ndani ya basi hakuna askari, lakini akithubutu kuwasha, abiria watampigia kelele kabla kondakta hajamfikia. Basi likisimama watu wachimbe dawa, anashuka, anavuta moja harakaharaka, anarudi kwenye kiti. Tabia tunayoambiwa haibadiliki imeshabadilika mahali hapo, na walioibadilisha ni abiria wenzake.

Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003. Inakataza uvutaji katika maeneo kadhaa ya umma, lakini inaruhusu kutenga sehemu za wavutaji. Uganda, katika sheria yake ya 2015, haikuacha mwanya huo. Kwetu, kwenye baa ya chumba kimoja pale Manundu, Korogwe, sehemu iliyotengwa itakuwa meza ya pembeni tu, na mhudumu anayezungukia meza zote atavuta moshi usiku kucha.

Je, marufuku inapunguza uvutaji wenyewe? Mwaka 2002, Fichtenberg na Glantz walichambua tafiti 26 kuhusu sehemu za kazi zisizoruhusu sigara kabisa. Kiwango cha wavutaji kilishuka kwa asilimia 3.8, na walioendelea kuvuta walipunguza takriban sigara tatu kwa siku. Lakini hayo yalipimwa katika nchi tajiri. Mkulima wa mahindi wa Mkata, Handeni, hana ofisi ya kukatazwa kuvuta. Sigara yake ni ya jioni: kijiweni, kwenye bao, kwenye kilabu cha pombe, au ndani ya kibanda umiza anapotazama mpira milango ikiwa imefungwa. Hununua moja moja dukani, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba hapo hapo dirishani, awashe kabla hajaondoka. Huyu hanunui pakiti. Naamini sigara zake chache zinategemea mahali na wenzake kuliko za mtu wa pakiti, na hapo ndipo marufuku ya mtaa inaweza kumgusa.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini wanatumia tumbaku: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Wasiotumia ni zaidi ya tisa kwa kila kumi. Ndani ya basi wanasema, kilabuni wananyamaza.

Njia ya kuwapa sauti huko pia ipo: Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikijadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sipendekezi faini kubwa. Hufungua mlango wa rushwa. Napendekeza mwenye kilabu na mwenye kibanda umiza wawajibike kwa moshi wa ndani, na kiberiti kiondolewe dirishani mwa duka.

Wenyeviti wa vijiji mliopo hapa, mwito wangu ni kwenu: wekeni ajenda hii kwenye mkutano mkuu ujao, na wahudumu wa vilabuni wapewe nafasi ya kwanza kusema.