Kufuli na Ufunguo Ndani ya Ubongo

Leo tutajifunza habari za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaompata karibu mtu 1 katika kila watu 300 duniani.

Tuseme kuna kijana, tumwite Saidi. Alikuwa mcheshi na mchapa kazi. Sasa amejitenga, halali usiku, na anajibu sauti ambazo ninyi hamzisikii. Anaamini majirani wanataka kumdhuru. Mmoja anasema Saidi amerogwa. Mwingine amekwisha leta kamba ya kumfunga. Ndugu, wekeni kamba chini, msikilize kwanza.

Ubongo una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari. Kati ya chembe na chembe pana nafasi ndogo mno. Habari huvushwa na wajumbe, na mmoja wao huitwa dopamini. Ng'ambo ya pili mjumbe hupokewa na protini. Protini mnaijua: tunaipata katika maharage, samaki na nyama, na mwili huitumia kujijenga. Protini hizi za ubongoni huitwa vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na dopamini ni kama ufunguo wake.

Kwa mgonjwa wa skizofrenia, dopamini huzidi katika sehemu fulani za ubongo. Makufuli hufunguliwa mno. Basi jambo dogo huonekana kubwa, na mtu husikia sauti pasipo msemaji. Dopamini siyo sababu pekee. Urithi wa ukoo una sehemu yake, na bangi huongeza hatari, hasa kwa vijana.

Mwaka 1952, mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa iitwayo klopromazini. Wengi walitulia, lakini sababu ilikuwa haijajulikana. Mwaka 1975 Philip Seeman na wenzake, huko Toronto, walionyesha kwamba dawa za namna hii hushika kipokezi cha dopamini. Ni kama kutia kijiti katika tundu la kufuli: ufunguo hauingii.

Sasa mtaelewa jambo kubwa la leo. Saidi akipata nafuu, watu humwambia, "Umepona, acha dawa." Lakini ukichomoa kijiti, ufunguo huingia tena, na mara nyingi ugonjwa hurudi. Kama dawa inamtetemesha au kumlegeza, mrudisheni kwa daktari abadilishe kipimo au dawa. Msiitupe. Tena mpeni chakula, kazi anayoiweza, na maneno ya upole.

Zungumzeni na mwalimu wenu maswali haya:

1. Kipokezi ni kitu gani?
2. Dawa hufanya nini kwenye kipokezi?
3. Kama Saidi angekuwa ndugu yako, ungefanya nini kesho asubuhi?

Kwaherini, ndugu, mpaka somo lijalo.