Chupa ya Glukosi ni Dawa, Si Chakula cha Mgonjwa

Katika wodi nyingi limezoeleka swali moja. Mgonjwa amelazwa, jamaa zake wamemzunguka, na kabla daktari hajamaliza kumpima, huulizwa: "Mbona hajatundikiwa dripu?" Chupa ya glukosi ikitundikwa, nyoyo hutulia, maana huaminiwa kwamba sasa mgonjwa analishwa na kuongezewa nguvu. Isipotundikwa, husemwa kwamba amepuuzwa. Imani hiyo hutokana na huruma, lakini haina msingi, na mara nyingine huleta madhara makubwa.

Yafaa hesabu ifanywe kwanza. Glukosi iliyo kawaida katika wodi ni ile ya asilimia 5, yaani gramu 5 za sukari katika kila mililita 100 za maji. Chupa ya nusu lita, basi, ina gramu 25 tu za sukari, ambazo ni kiasi cha vijiko sita vya chai. Nguvu inayopatikana humo haizidi kalori 100, na mtu mzima huhitaji kalori zipatazo 2,000 kwa siku. Atakayetaka kumlisha mtu mzima kwa dripu hiyo itambidi ammiminie chupa 20, yaani lita 10 za maji, na maji hayo yatamdhuru kabla hajashiba. Mgonjwa anayeweza kumeza hupata nguvu zaidi katika bakuli la uji.

Hatari ya pili imo katika maji yenyewe. Glukosi ya asilimia 5 ikiingia mshipani, mwili huitumia ile sukari upesi, na kinachobaki ni maji matupu yasiyo na chumvi. Maji hayo huizimua chumvi ya damu, kisha hupenya katika chembechembe za mwili na kuzivimbisha. Viungo vingine huweza kustahimili uvimbe huo, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Mgonjwa huanza kuumwa kichwa na kutapika, akachanganyikiwa, akashikwa na degedege, na hatimaye huweza kufa. Aliyetoka kupasuliwa, mwenye homa ya mapafu au mwenye homa ya uti wa mgongo yuko hatarini zaidi, kwa sababu maradhi na maumivu huufanya mwili uzuie maji badala ya kuyatoa kwa mkojo. Watoto ndio huumia kwanza.

Mambo haya si nadharia. Mwaka 2007 taasisi ya usalama wa wagonjwa ya Uingereza iliagiza kwamba dripu yenye glukosi ya asilimia 4 na chumvi kidogo ya asilimia 0.18, iliyokuwa imetumiwa kwa watoto kwa miaka mingi, iondolewe katika wodi za kawaida za watoto. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilishauri kwamba watoto wengi wa umri wa siku 28 hadi miaka 18 wanaohitaji dripu ya kuwatunza wapewe maji yenye chumvi inayokaribiana na ile ya damu, pamoja na glukosi na potasiamu inayofaa. Glukosi haikukatazwa. Kilichokataliwa ni kuitoa bila chumvi ya kutosha.

Kwa sababu hiyo hiyo, glukosi tupu haifai kumwokoa mtu aliyekaukiwa maji kwa kuhara au kwa kipindupindu. Amepoteza maji pamoja na chumvi, naye hana budi kurudishiwa vyote viwili. Anayeweza kunywa apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti maalumu. Aliyezidiwa atundikiwe maji yenye chumvi yanayostahili.

Je, glukosi haina kazi? Inayo, tena kubwa. Mtoto mwenye malaria kali huweza kuishiwa sukari katika damu akazimia, na kila dakika inayopita huathiri ubongo wake. Sukari ikiwa imeshuka mno, hupewa mshipani glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 hupata mililita 50. Ikiwa iliyopo ni ya asilimia 50, sehemu moja huchanganywa na sehemu nne za maji safi ya sindano, kwa kuwa ile nzito ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Baada ya hapo sukari hupimwa tena, kwani huweza kushuka mara ya pili.

Kupima huko nako kwahitaji uangalifu. Damu ikitolewa katika mkono ule ule unaopokea glukosi, kipimo huonyesha sukari nyingi isiyokuwapo. Mgonjwa aliyepungukiwa sukari huonekana kama mwenye kisukari, akachomwa insulini, na hali yake ikawa mbaya zaidi. Hapana budi damu ichukuliwe mkono wa pili.

Aidha, usalama wa chupa huanza mbali na kitanda. Mwaka 1972, katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth, Uingereza, wagonjwa kadhaa walikufa baada ya kutundikiwa glukosi ya asilimia 5 iliyokuwa na bakteria. Chupa hizo zilitengenezwa kiwandani mwaka 1971. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Cecil Clothier iligundua kwamba hewa ilibaki ndani ya mtambo wa mvuke wa kuulia vijidudu, hivyo chupa zilizokuwa chini hazikupata joto la kutosha. Kipimajoto cha mtambo kilionyesha kasoro. Wafanyakazi walidhani kipimajoto ndicho kibovu, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyekusudia kuua. Ishara ilionekana, ikapuuzwa, na waliolipa ni wagonjwa ambao hawakuwahi kukiona kiwanda hicho.

Ndugu wananchi, funzo lake ni la kila mwenye kushika chupa hiyo. Mfanyakazi wa kiwanda asipuuze kipimo. Mtunza stoo asiipokee chupa yenye ufa, yenye ukungu au iliyopitwa na tarehe. Daktari aandike aina ya maji, kiasi chake, muda wake na sababu yake. Muuguzi asome kibandiko kabla ya kutundika, ahesabu matone, aandike maji yaliyoingia na mkojo uliotoka, na amwite daktari mara mgonjwa anapoumwa kichwa au kusinzia kupita kawaida.

Jamaa nao wana wajibu wao. Wasimshurutishe muuguzi kutundika chupa, wala wasiyafungulie matone yaende mbio ili waondoke mapema. Badala ya kuuliza kwa nini mgonjwa hajapata dripu, waulize anayo haja gani nayo, na itaondolewa lini. Mtaalamu anayejibu swali hilo kwa ufasaha amekwisha kumlinda mgonjwa wake. Asiyeweza kulijibu, heri aishushe chupa na kumpima mgonjwa upya.